Njia yangu ya picha niliipata kwenye mashamba ya mwani

Mkuu, umesema una kamera ya mtumba na lenzi moja ya 50mm, Jumamosi unapiga harusi, lakini roho yako iko kwenye picha za maisha halisi ya watu, na hujui uanzie wapi. Nimepita hapo hapo.

Nilikuwa napiga harusi na picha za pasipoti Unguja mjini. Niliamini mpiga picha wa maana ni wa vita na njaa, kama Mohamed Amin, mpiga picha wa Kenya, alivyokwenda kupiga njaa ya Korem, Ethiopia, mwaka 1984. Nikakaa miaka mitatu nangoja safari. Kilichonizindua ni Capital Art Studio, pale Mji Mkongwe, duka la picha alilolianzisha mpiga picha Ranchhod Oza mwaka 1930. Kuta zimejaa maharusi, majahazi, mitaa. Zilipigwa kama kazi ya siku tu, na leo ndizo zinazotuonyesha Unguja ilivyokuwa!

Wiki ile ile nikapanda daladala hadi Paje kwa mama yangu mkubwa. Analima mwani tangu kilimo chake kilipoanza pwani ile, 1989. Siku ya kwanza nilipiga picha zaidi ya mia nne: maji ya buluu, kanga, jua la asubuhi. Akazipitia kimya, kisha akasema, "Mwanangu, mbona kazi haimo?"

Bamvua mbili zilizofuata, zile siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, niliiacha kamera nyumbani, nikashuka naye kufunga mwani. Fungu moja moja kwenye kamba, kamba kwenye vijiti, mgongo umeinama mpaka maji yaanze kurudi. Hapo ndipo nilipoviona vidole vyake. Ncha zimechanika kwa chumvi, ukucha wa kidole gumba umelika upande mmoja kwa kukaza mafundo. Picha ya mkono ule ndiyo ya kwanza ninayothubutu kuiita yangu.

Kwa hiyo tafuta jambo moja unaloweza kulifikia kwa nauli ya daladala, ulirudie mpaka wakuzoee. Harusi usiache, ndizo zitakazokulipia nauli. Fuata kalenda yao: mwani unakwenda na mwezi, haukungoji upate nafasi. Na safisha picha uwapelekee, usiwaonyeshe kwenye simu tu.

Jambo lililoniuma zaidi nalo nilieleze. Kuna mteja alinunua picha ya mama mkubwa, akaichapisha na maneno "maskini wa pwani". Mwanamke aliyesomesha watoto wanne kwa mwani! Nilikwenda kumwomba radhi, naye hakunijibu hadi jioni. Tangu siku ile maelezo ya picha nayaandika mwenyewe, namsomea mhusika kwanza, na mteja asiyeyakubali simuuzii.

Sasa ni mwaka wa saba. Cottonii, aina yenye bei nzuri, inakufa maji ya karibu yakipata joto, na baadhi ya akina mama wanajaribu kulima kwenye kina kirefu. Mama mkubwa hajui kuogelea. Bamvua ijayo anaanza kujifunza, na ameniambia nije na kamera.