Toyota Noah inayogoma kuwaka: usikimbilie kununua swichi ya kuwashia

Pole ndugu. Umesema ukizungusha ufunguo taa za dashibodi zinawaka ila stata (mota inayozungusha injini iwake) kimya, ukiutikisa gari linawaka, na mara nyingine linazima kwenye mashimo. Huko kutikisa kunanifanya niishuku swichi ya kuwashia, ile inayozungushwa na ufunguo, lakini anza na vya bei rahisi.

Washa taa kubwa, mwenzako azungushe ufunguo. Zikififia sana, shughulikia betri na vichwa vyake. Betri iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, husoma volti 12.6 hivi. Taa zikibaki kali, weka gia N (huru) ujaribu tena. Likiwaka N na kugoma P (ya kuegesha), angalia swichi ya gia, ile inayoruhusu stata kulingana na gia uliyoweka.

Bado? Hapo kuna vitu viwili, usikubali kuuziwa vyote bila kupimwa: kitasa kinachoingia ufunguo, na swichi ya umeme nyuma yake. Ufunguo ukikwama, ni kitasa. Ukizunguka vizuri lakini umeme hautoki kwenda stata, ni swichi. Mara nyingi plagi yake utaikuta imeungua, plastiki imekuwa kahawia. Punguza pia furushi la funguo, uzito wake unakilegeza kitasa.

Kuzima barabarani ndiko kunakoniogopesha. Usukani na breki huwa vizito ghafla, na ukirudisha ufunguo LOCK (mahali pa kuufunga) gari likitembea, usukani unaweza kujifunga. Tafadhali usibebe watoto mpaka fundi umeme wa magari alipime. Na asikufungie kitufe cha kuwashia kienyeji bila relei (swichi ya umeme inayobeba mzigo mkubwa) na fyuzi: waya hizo hushika moto.