Fundi Anajibu: Kitambaa cha gome

SWALI: Shikamoo mama. Nashona mikoba hapa Bukoba. Mteja kaniletea lubugo, kitambaa cha gome la mti, kutoka Masaka, Uganda, anataka mkoba wa begani. Nina wasiwasi kitachanika. Pia anadai mti haukatwi. Kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mteja wako hajakudanganya. Mutuba, mti unaotoa lubugo, hubanduliwa gome msimu wa mvua, kisha shina hufungwa majani ya mgomba lisikauke, nalo gome huota tena. Mti mmoja waweza kuvunwa kila mwaka kwa miongo kadhaa. Gome hupondwa bandani kwa nyundo za mbao zenye mifereji, likitanuka mpaka likawa shuka, halafu huanikwa juani na kugeuka rangi ya udongo mwekundu. Hakuna kufuma wala rangi ya dukani. UNESCO iliutambua ufundi huu wa Baganda mwaka 2005.

Sasa mkoba wako. Lubugo haina nyuzi zilizofumwa, kwa hiyo matundu mengi ya sindano yakikaribiana hukata kama stempu. Refusha mshono, milimita nne hivi, na uweke bitana ya pamba nzito. Bitana ndiyo ibebe uzito. Mikanda shona ya ngozi au turubai, kamwe usiifanye ya lubugo! Palipotoboka tangu kwa mpondaji, ziba kwa kiraka kwa mkono. Wengine huvificha viraka; mimi naviacha vionekane.

Mwambie mteja asiufue. Aupanguse tu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Bei usiilinganishe na ya mkoba wa kitenge.