Kitabu au help? Maswali yenu kutoka Mtwara na Lindi

Safari hii wengi mmeuliza jambo moja kwa sura tofauti: ukikwama kwenye programu, ufungue mwongozo wa karatasi au help, yaani maelezo yaliyomo ndani ya programu yenyewe?

Nimenunua kitabu cha mtumba cha Python, ile lugha ya kuandikia programu. Naandika kama kilivyo, kompyuta inagoma. Nimetapeliwa? (Kijana, Masasi)

Hukutapeliwa, ila kitabu chako kimezeeka. Tazama mstari wa print. Kama kinaandika `print "Habari"` bila mabano, hicho ni cha Python 2, ambayo wenyewe waliacha kuitunza tarehe 1 Januari 2020. Python 3, iliyotoka mwaka 2008, inadai mabano.

Hilo dogo, maana kompyuta inapiga kelele. Mimi naogopa tofauti zinazopita kimya. Chukua `round`, amri ya kukadiria desimali iwe namba kamili. Kwenye Python 2, `round(2.5)` ilitoa 3.0; kwenye Python 3 inatoa 2, kwa sababu nambari iliyo katikati kabisa siku hizi inasogezwa kwenye namba shufwa iliyo jirani. `round(3.5)` inakupa 4. Sasa chukulia umewaandikia AMCOS ya kijijini, yaani chama cha ushirika cha wakulima, programu ya kupima korosho. Mkulima ana kilo 62.5, programu inaandika 62, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Kwa kitabu chako ilitakiwa 63. Hapo jiandae kujieleza mbele ya mzani.

Lakini usikimbilie kudhani help itakuokoa. Andika `help(round)` usome: inakueleza idadi ya desimali na aina ya jibu, basi. Habari ya shufwa haimo. Imo kwenye mwongozo rasmi wa maktaba ya Python (yaani zana zote zinazokuja nayo), ule mrefu. Kwa hiyo help ina sifa moja kubwa, kwamba ni ya toleo hilohilo ulilonalo, na kasoro moja kubwa, kwamba ni fupi. Kitabu usikitupe. Sura zinazoeleza kitanzi (loop, kurudiarudia amri) ni nini na kazi kubwa inagawanywaje bado zinafaa, na help haikufundishi hayo. Inamjibu anayejua tayari anachouliza.

Shikamoo. Bando langu linaisha kabla sijamaliza zoezi. Naweza kusoma mwongozo bila intaneti? (Binti, Lindi mjini)

Marahaba. Mwongozo unao tayari. Fungua dirisha la amri la kompyuta, si la Python, andika `python -m pydoc -b`. Windows ikikataa, jaribu `py -m pydoc -b`. Kivinjari kitafunguka chenyewe kikiwa na orodha ya moduli, yaani mafaili ya zana za Python, zilizomo kwenye mashine yako, pamoja na zile ulizoongeza wewe. Utadhani ni tovuti, kumbe kurasa zinatoka humohumo ndani na bando haliguswi.

Ukitaka na ule mrefu, siku yenye bando pakua faili ya zip ya mwongozo wote kwenye tovuti ya Python, ukiangalia namba ya toleo ilingane na Python yako. Kisha wagawie wenzako kwa flashi.

Niliandika help(str), maandishi yakajaa kioo, nikashindwa kutoka mpaka nikazima kompyuta. (Chikongola, Mtwara)

Pole. Bonyeza q. Ukiona `help>` imesimama inakusubiri, andika quit.

Najifunza C kwenye Linux. Nikiandika man printf naletewa mambo yasiyofanana na ya darasani. (Nachingwea)

Amri ya man hufungua mwongozo, na printf zipo mbili. Andika `man 3 printf`. Ukikosa kitu kwenye Ubuntu, sakinisha kwanza kifurushi cha manpages-dev.

Hiyo 3 ina historia yake. Toleo la kwanza la mwongozo wa Unix, mfumo wa kompyuta ambao Linux imeuiga, wa Ken Thompson na Dennis Ritchie, lina tarehe 3 Novemba 1971. Lilikuwa la karatasi, limegawanywa kwa sehemu zenye namba: ya kwanza amri, ya tatu fanksheni za maktaba (vipande vya programu vilivyo tayari kuitwa kwa jina), na kadhalika. Kurasa hizohizo ndizo zikawa zinasomwa kwa amri ya man, na namba zikabaki. Wewe uliletewa printf ya sehemu ya kwanza, yaani amri ya kwenye dirisha la amri. Umefungua kitabu kilekile, sehemu siyo.

Tuna klabu ya kompyuta shuleni. Tuchapishe mwongozo wa Python steshenari? Na Kiingereza chake kinawashinda wanafunzi. (Mwalimu, Newala)

Mwalimu, mwongozo wa maktaba peke yake unapita kurasa 2,000. Zidisha kwa bei ya steshenari ya hapo kwenu uone kama mkuu wa shule atasaini. Chapisheni sehemu ya mafunzo ya mwanzo tu, haifiki kurasa 200, na umeme ukikatika bado inasomeka.

Kuhusu Kiingereza, kila mwanafunzi anayeandika fanksheni aweke maelezo yake kwa Kiswahili, chini tu ya mstari wa def, ndani ya nukuu tatu:

```
def mauzo(kilo, bei):
    """Hurudisha fedha ya mkulima kabla ya makato."""
    return kilo * bei
```

Mwenzake akiandika `help(mauzo)`, Python itamsomea maneno hayohayo.