Kila mtu anakula kivyake, nifanyeje?

*Shangazi, shikamoo. Nina watoto watatu, wa miaka 15, 11 na 6. Mkubwa anajipakulia na kwenda kula chumbani na simu yake, wa pili anakula mbele ya runinga, mdogo namlisha mwenyewe. Baba yao hurudi wameshalala. Nilitangaza kwamba tutakula pamoja kila jioni. Siku ya tatu nikamuuliza mkubwa alama zake za hesabu, akainuka analia. Niwalazimishe au niache?*

Marahaba, mwanangu. Usiache, wala usiwalazimishe. Kilichomwinua binti yako si kula pamoja, ni lile swali. Mtoto ndio kwanza anatia tonge mdomoni, anaulizwa kwa nini amefeli. Kesho yake atakwambia hana njaa, na atakuwa anasema kweli. Mambo ya shule yatafutie saa yake, mkiwa wawili tu. Pale mezani muulize anachotaka kukisimulia mwenyewe, na akinyamaza, mwache anyamaze. Kijana wa umri huo huanza kuongea akishaona hakuna anayemvizia.

Halafu punguza mzigo. Nani kakwambia lazima iwe kila jioni? Mwaka 2011 jarida la Pediatrics la Marekani lilichapisha uchambuzi wa tafiti 17, zilizohusu watoto na vijana zaidi ya 180,000. Waliokula na familia zao angalau mara 3 kwa wiki walikuwa na uwezekano mdogo zaidi, kwa asilimia 12, wa kuwa na uzito uliozidi, na kwa asilimia 35 wa kuwa na matatizo ya ulaji, kama vile kujinyima chakula au kujitapisha. Sikwambii kwamba chakula cha pamoja pekee ndicho kilicholeta hayo, maana wanaokula pamoja mara nyingi ni wale ambao tayari wanaelewana. Ndiyo maana nakusisitizia kwanza yale mazungumzo.

Mara tatu, basi. Na si lazima usiku. Kama mumeo anachelewa siku za kazi, chai ya asubuhi inatosha, hata kwa dakika 15, na mchana wa siku ya mapumziko. Mwombe ashike siku mbili tu, ila azishike kweli. Watoto wanaona haraka sana ahadi ya baba inapokuwa ya maneno matupu.

Simu zote ziwekwe pembeni, kuanzia yako na ya mumeo. Runinga izimwe; wa pili atanuna siku mbili tatu, mvumilie. Huyo wa miaka 6 acha kumlisha. Mpe kijiko chake, akae katikati ya wenzake, ale kiasi anachotaka. Wewe kazi yako ni kuweka chakula na kupanga saa. Tumbo ni lake.

Na binti yako, kabla hujamwita tena mezani, mfuate chumbani umwombe radhi kwa lile swali. Usiongeze "lakini".