Kona ya Mama na Mtoto: Njiti wangu kanenepa, dawa ya chuma niiache?

Karibuni tena wasomaji wetu. Safari hii meseji zilizojaa ni za wazazi wa watoto njiti na karibu zote zinauliza habari ya dawa ya chuma, kwa hiyo nimeamua kona nzima iwe ya hilo. La kwanza nimeliweka lote jinsi lilivyokuja.

SWALI: Shikamoo nesi. Nilijifungua mtoto wa kike mimba ikiwa na wiki 31, alikuwa na kilo 1.4, tukakaa wodini nikimbeba kifuani mpaka alipofika kilo 2 tukaruhusiwa. Sa hivi ana miezi miwili na nusu, ana kilo 3, ananyonya vizuri mashaallah. Tulipewa matone ya chuma tukaambiwa tumpe kila siku, sasa tangu aanze choo chake kimekuwa cheusi kabisa, mama mkwe anasema hiyo dawa inamuunguza mtoto tumbo, mtoto mchanga hatakiwi kupewa kitu zaidi ya ziwa la mama. Na kweli juzi kapimwa wakasema HB yake (kiwango cha damu) sio mbaya. Naweza kuiacha? Nisaidie maana nyumbani ni kelele kila siku. (Mama K, Mbagala)

JIBU: Marahaba mama K, na hongera sana, kutoka kilo 1.4 mpaka 3 sio kazi ndogo. Dawa usiiache.

Nikuambie kwa nini, ili na wewe ukamweleze mama mkwe kwa heshima. Mtoto akiwa tumboni anachukua madini ya chuma kutoka kwa mama yake na kujiwekea akiba, ila sehemu kubwa ya akiba hiyo inaingia miezi mitatu ya mwisho ya mimba. Aliyetimiza miezi yake anazaliwa na akiba ya kumsogeza miezi minne mpaka sita hivi. Wako katoka wiki ya 31, yaani katoka wakati ndo kwanza mzigo unaanza kuingia. Alafu tazama yaliyofuata: kapimwa damu mara kwa mara pale wodini, na mtoto wa kilo 1.4 damu yake yote mwilini haifiki hata nusu ya chupa ya soda, kwa hiyo kila kinachochukuliwa na maabara ni kikubwa kwake. Chembe zake nyekundu za damu nazo zinakufa mapema kuliko zetu watu wazima. Na juu ya yote hayo kakua zaidi ya mara mbili, maana yake na damu inabidi iongezeke zaidi ya mara mbili, sasa chuma cha kutengenezea hiyo damu kitoke wapi?

Kwenye ziwa? Maziwa yako ni mazuri kuliko kitu chochote na uendelee kumnyonyesha, lakini lita nzima ya maziwa ya mama ina chuma kisichofika hata nusu miligramu. Mtoto wa kilo 3 kwa siku anakunywa kama nusu lita, maana yake anapata kama miligramu 0.2 hivi. Mahitaji yake ni miligramu 2 hadi 4 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo kwa kilo 3 ni miligramu 6 hadi 12 kila siku. Chuma cha kwenye ziwa kinafyonzwa vizuri sana tumboni, hilo ni kweli, ila ni kidogo mno kwa mtoto aliyezaliwa bila akiba. Hapo hamna cha ziwa zito wala ziwa jepesi, maziwa ya akina mama wote yako hivyo.

Sasa habari ya HB, hapa ndo wengi wanapotea njia. Chuma kikiwa kidogo mwili unakipeleka kwanza kwenye chembe nyekundu za damu, ubongo unasubiri. Kwa hiyo HB inaweza kusoma vizuri huku akiba imekwisha na ubongo unaojengwa kwa kasi umekosa. Kule Sweden waliwafuatilia watoto waliozaliwa na kilo 2 hadi 2.5, ambao ni wakubwa kuliko wako, wengine wakapewa chuma kuanzia wiki ya 6 mpaka miezi 6 na wengine hawakupewa, walipofika miaka mitatu na nusu wale waliopewa walikuwa na matatizo machache ya tabia. Ndo maana hatusubiri mtoto aishiwe damu tukaanza kuhangaika. Mimi naihesabu hii dawa kama sehemu ya chakula chake, sio tiba ya mgonjwa.

Choo cheusi au kijani kilichokolea ni kile chuma ambacho hakikufyonzwa kinatoka, hakuna kinachoungua. Kinachotakiwa kukutisha ni tumbo kujaa na kuwa gumu, kutapika majimaji ya kijani, kugoma kunyonya, au choo chenye damu au kinachonata kama lami na harufu kali. Ukiona moja kati ya hayo usisubiri asubuhi, nenda hospitali.

Na mama mkwe hajakosea kusema mtoto asipewe kitu zaidi ya ziwa. Asipewe maji, uji, gripu wala dawa za kienyeji, yuko sahihi kabisa. Ila dawa na matone aliyoandika daktari hayavunji unyonyeshaji wa maziwa ya mama pekee. Siku ya kliniki nenda naye amsikie daktari mwenyewe, bibi akishaelewa ndo anakuwa mlinzi wa hiyo dawa kuliko hata wewe.

Kumpa: tumia sirinji isiyo na sindano, mwinue kichwa kidogo, elekeza upande wa ndani wa shavu, sukuma taratibu ameze kidogo kidogo. Usiimwage kwenye kikombe kizima cha maziwa manake asipomaliza hujui kapata kiasi gani. Ukisahau siku moja usimpe dozi mbili kesho yake.

Kuhusu muda, kwa watoto waliozaliwa chini ya kilo 1.5 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulisema kuanzia wiki ya pili mpaka miezi 6, na madaktari wa watoto wa Marekani wao wanaenda mpaka mwaka mzima, kwa hiyo usishangae daktari wako akikuambia uendelee hata baada ya miezi 6. Na kitu kimoja naomba ukishike sana: dozi inafuata uzito. Mama karuhusiwa mtoto ana kilo 2, anaendelea na kipimo kile kile mpaka mtoto ana kilo 5, hapo zaidi ya nusu ya dawa imepotea njiani. Kila anapopimwa uzito uliza, "dozi yake ya chuma ibadilike?" Wasipokumbuka wao kumbuka wewe.

SWALI: Nesi habari, mimi niko Kisauni Mombasa. Pacha wangu walizaliwa wiki ya 33, dawa yao ya chuma iliisha nikaenda kwa kemisti nikapewa ya kampuni nyingine, chupa tofauti. Nawapa ml moja kama zamani, ni sawa? Mmoja aliongezwa damu akiwa nasari (wodi ya watoto wachanga), mwingine hapana.

JIBU: Dada yangu, simama kwanza kabla ya dozi ya kesho, chukua chupa zote mbili usome. Hizi dawa hazifanani nguvu. Tuseme ya zamani kila ml moja ilikuwa na miligramu 10 za chuma na hii mpya ml moja ina miligramu 25, basi ile ile ml moja sasa inawapa mara mbili na nusu. Au inakuwa kinyume chake, mpya ni nyepesi, watoto wanakaa wiki nzima wanapata chini ya nusu ya dozi na wewe unajua umewapa.

Alafu kuna mtego wa pili kwenye lebo. Unaweza kukuta imeandikwa uzito wa dawa nzima, ile fera salfeti au fera fumareti, na pembeni kwa maandishi madogo uzito wa chuma chenyewe. Hesabu ya mtoto inafanywa kwa chuma chenyewe tu. Kama huoni hiyo namba ya chuma chenyewe, rudi kwa kemisti akuonyeshe, na kama na yeye hajui hiyo dawa iache hapo hapo dukani. Mpigie aliyewaandikia, mtajie uzito wa kila pacha na nguvu iliyoandikwa kwenye chupa, akwambie ml ngapi. Na muombe aandike miligramu kwenye kadi, asiandike ml peke yake, hiyo itakusaidia hata ukibadilisha chupa mara ngapi.

Huyu aliyeongezwa damu mtaje kabisa, usichanganye habari zao. Damu ya kuongezwa inakuja na chuma kingi ndani yake, kwa hiyo daktari anaweza kutaka kupima akiba yake kwanza au kumchelewesha kidogo, pacha mwenzake akawa anaendelea kama kawaida. Na kama kuna anayepewa maziwa ya kopo yaliyoongezwa chuma sema pia, inawezekana hahitaji dawa juu yake.

SWALI: Mimi ni baba wa mtoto njiti, tuko Muheza, mbu ni wengi. Nimesoma kwamba chuma kinalisha malaria na kuna watoto walikufa Pemba. Mke wangu anataka kumpa mtoto, mimi nimekataa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Baba, hofu yako ina msingi na nashukuru umeuliza. Utafiti wa Pemba ulifanyika kweli. Mwaka 2002 watoto wa kuanzia mwezi 1 hadi miezi 35 walianza kupewa chuma pamoja na foliki asidi, wote tu bila kuangalia nani amepungukiwa na nani hajapungukiwa, na mwaka 2003 sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa kwa sababu waliokuwa wanapewa walilazwa na kufariki zaidi ya wasiopewa. Matokeo yalichapishwa 2006 na dunia nzima ikashtuka. Lakini kuna upande ambao hausimuliwi sana mtaani, kwamba kwenye kundi dogo waliopimwa damu na kutibiwa malaria kwa ukaribu, wale waliokuwa wamepungukiwa chuma walinufaika nacho.

Mtoto wako ni njiti, yeye hatuhitaji kubahatisha kama kapungukiwa, kazaliwa bila akiba. Kwa hiyo mkeo yuko sahihi kutaka kumpa na wewe uko sahihi kuogopa mbu, fanyeni yote mawili. Shirika la Afya Duniani linasema kwenye maeneo ya malaria chuma kitolewe sambamba na kinga na matibabu ya malaria. Kwa hiyo mtoto alale kwenye chandarua chenye dawa kila siku, mchana na usiku maana njiti analala muda wote, hakikisha hakina tundu na kimechomekwa chini ya godoro. Akipata joto tu apimwe siku hiyo hiyo, na mwambie daktari anatumia chuma, yeye ndo ataamua kisimame kwa siku chache au kiendelee.

SWALI: Nesi, mimi nakunywa juisi ya rosela na bitiruti kila siku na vidonge vya FEFO (chuma na foliki asidi) nilivyobakiza vya kliniki, si mtoto anapata kupitia ziwa? Na kama hapati, naweza kumsagia FEFO kidogo nichanganye na maziwa? Matone ni bei. (Mama J, Dodoma)

JIBU: Mama J, FEFO inakusaidia wewe kurudisha damu uliyopoteza, endelea kama ulivyoelekezwa, ila haiongezi chuma kwenye maziwa yako. Rosela na bitiruti vilevile.

Kumsagia mtoto FEFO, hapana, hata kidogo usijaribu. Kidonge kimoja kina chuma chenyewe kama miligramu 60. Mtoto wa kilo 3 akipata kidonge kizima tayari ni miligramu 20 kwa kilo, na hapo ndo sumu ya chuma inapoanza kuonekana. Ukikisaga huwezi kujua kwenye kijiko umechota robo au nusu. Kama bei ndo tatizo rudi kliniki mliyoruhusiwa uwaambie wazi, wakuangalizie kama kuna sirapu ya serikali, usione aibu.

Na hivyo vidonge vilivyobaki viweke juu kabisa ndani ya kitu kinachofungwa, hasa kama una mtoto mwingine anayetambaa au kutembea, manake vinang'aa kama pipi. Ikitokea mtoto kavimeza kimbia naye hospitali hata kama anacheza vizuri, kwa sababu sumu ya chuma inaweza kumtapisha mtoto, ikatulia masaa kadhaa ukadhani kapona, alafu ikarudi kwa nguvu. Beba na pakiti ya vidonge, wahesabu vimebaki vingapi.