Kuuza gari la kifahari la saluni lenye nembo ya kawaida

Mdogo wangu, umeuliza utauzaje hilo gari jipya la kifahari la saluni, la kampuni ya magari ya kawaida, hapo Malindi, na wateja wanakwambia, "Kwa bei hiyo si bora ninunue la Mjerumani, kama Mercedes?"

Usibishane nao juu ya nembo, hutashinda. Volkswagen walijaribu na Phaeton, gari lao la kifahari, zuri kweli kweli, na huko Marekani wakaliondoa sokoni 2006 kwa kukosa wanunuzi. Hyundai walipopeleka Equus, gari lao la kifahari, huko Marekani mwaka 2010, walishika njia nyingine: muuzaji alimpelekea mteja gari nyumbani ili alijaribu, na siku ya sevisi alilifuata mwenyewe, akamwachia jingine la kutumia. Mteja alinunua kuhudumiwa. Hata hivyo jina liliwasumbua, maana 2015 waliifanya Genesis, jina la magari yao ya kifahari, kuwa chapa inayojitegemea, isiyobeba jina la Hyundai.

Basi wewe anza hapo. Mpelekee mwenye hoteli gari mlangoni, asubuhi, kabla ya shughuli zake. Mwache aendeshe mwenyewe hadi Mambrui na kurudi, madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinafanya kazi, nawe nyamaza! Ukimya wa ndani utamwambia zaidi ya karatasi zako. Mkalishe na nyuma pia, wengi wa hawa wana madereva.

Bei usiifiche. Na kabla ya yote muulize bosi wako: vipuri vitatoka wapi, na waranti inasemaje kuhusu kutu? Upepo wetu una chumvi, na hilo ndilo swali la kwanza atakalokuuliza mtu wa pwani.