Jibu kwa fundi wa Fuso anayetaka nimvute melini

Mdogo wangu, umeniandikia kwamba hapo Tandika injini ya Fuso unaishusha umefumba macho, basi nikuvute huku tule dola wote. Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Dizeli unaijua, sawa. Ila kwenye meli kubwa za makontena silinda moja inafika upana wa karibu mita nzima, na pistoni inapanda mita mbili na nusu. Injini inazunguka kama mara 100 tu kwa dakika. Giaboksi hakuna, shafti inakwenda moja kwa moja kwenye propela. Meli ikitaka kurudi nyuma, injini inazimwa na kuwashwa upya izunguke kinyume. Na inawashwa kwa upepo wa kompresa, siyo stata.

Sasa kazi yenyewe. Tukifunga gati na injini ikapoa, mtu anaingia kwa tumbo kwenye chemba iliyo chini ya silinda kukwangua masizi yaliyogandamana na oili. Mwenzako anabaki mlangoni asije mtu akakusahau humo ndani. Ukishatoka, mweusi tii, mnachungulia ringi za pistoni kupitia matundu ya slivu, yaani ukuta wa ndani wa silinda, na kuzisukuma kwa kijiti. Ringi ikirudi kama springi, nzima. Ikigoma imenata, na usiku huo usingizi usahau.

Bahari ya Shamu joto la chumba cha injini linapita nyuzi 40. Mafuta mazito nayo hupashwa zaidi ya nyuzi 100 ndipo yaingie kwenye noze. Dirisha hamna. Singapore mnayoniulizia nimeiona gati yake, tena usiku.

Hela ipo, sikatai. Lakini wengi wetu tunalipwa miezi ya mkataba tu. Ukishuka unakaa bila mshahara ukisubiri meli nyingine, na huko nyumbani wanahesabu kila mwezi. Mama mdogo ananidai bati mpaka leo.

Yule dalali anayetaka milioni akutafutie meli, achana naye. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006 unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Unalipia pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha afya, basi. Kuzamia, kujificha melini bila ruhusa, ndiyo usinitajie kabisa.

Nenda DMI, chuo cha mabaharia hapo hapo mjini Dar, uulizie kozi za awali za STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia: kuzima moto, kujiokoa majini, huduma ya kwanza. Bila hizo hata kufagia chumba cha injini hupewi. Na cheti chako cha ufundi cha VETA ni ngazi gani? Nitumie picha.